Mbuzi Aliyewahi Msibani

Paukwa.

Pakawa.

Paukwa tena, nisikie wa nyuma.

Pakawa, na wa nyuma tupo.

Nani amesinzia?

Jirani yangu.

Na jirani yako anasema ni wewe. Haya, nitasimulia kwa sauti ya kuwatosha wote wawili.

Kabla sijaanza, nina fumbo moja. Msiniombe nilitegue, kwa sababu limenishinda. Mbuzi na kondoo hulala zizi moja, hunywa kijito kimoja, huswagwa na fimbo moja. Lakini asubuhi mlango ukifunguliwa, mbuzi huinua shingo kutafuta majani ya juu, na kondoo huinamisha shingo kutafuta nyasi za chini. Nani aliwaambia? Nilimuuliza bibi yangu, akasema nikawaulize kondoo. Nikatafuta vitabuni, vingine vinene vya kukalia. Vikanieleza vizuri namna mmoja anavyoinua na mwingine anavyoinamisha, lakini havikuniambia nani alianza, wala kwa nini mwenzake hakumwiga. Nikaacha. Hadithi ya leo nayo haitegui fumbo hilo. Inalipita kando tu, kama mtu apitaye nyumba ya jirani mwenye mbwa.

Basi, zamani, zamani hasa, wakati ukungu ulikuwa ukibisha hodi kabla ya kushuka mlimani, palikuwa na mlima wenye baridi ulioitwa Kihulo. Mlimani waliishi mbuzi, na mlimani waliishi kondoo, na baina yao palikuwa na utani.

Mnajua utani ni nini. Mtani akikutukana, hukasiriki. Akichukua kitu chako, humshtaki. Msiba ukikufika, yeye ndiye wa kwanza kuja kuchimba kaburi, na yeye ndiye anayelala njiani mbele ya waombolezaji, huku wewe bado unalia, asinyanyuke mpaka apewe anachotaka. Na anachotaka mtani msibani hakikataliwi. Ndivyo ilivyo, na ndivyo ilivyokuwa Kihulo.

Kondoo waliwaita mbuzi mikia mifupi ya aibu fupi, kwa kuwa mkia wa mbuzi husimama na haufichi kitu. Mbuzi waliwaita kondoo magodoro. Godoro likipita, mbuzi waliuliza ni la futi ngapi. Wote wakacheka, siku ikaenda.

Aliyewashinda wote kwa utani alikuwa mbuzi jike mmoja mwenye ndevu, jina lake Bi Ndevu. Huyo alizaliwa akicheka. Hata alipokuwa akizaa yeye mwenyewe, alimtania mkunga.

Kondoo nao walikuwa na kiongozi wao, dume kubwa lenye pembe zilizojipinda hadi kwenye mashavu. Walimwita Bwana Pindapembe. Hakuwa mbaya. Alikuwa tu amezoea kutangulia, na mtu aliyezoea kutangulia haoni mikia ya wenziwe, kwa hiyo hadhani kwamba na yeye ana mkia.

Kondoo wa Kihulo walikuwa na adabu yao. Hakuna aliyekula mahali ambapo kiongozi hajala. Bwana Pindapembe akiweka mguu, nao huweka palepale. Akila, nao hula palepale. Akiacha samadi, nao huacha palepale. Waliita jambo hilo heshima. Na mahali pao pa heshima palikuwa bondeni, kwenye ukoka mfupi, laini, wenye umande, ulioliwa jana na juzi na mwaka juzi.

Sasa, katika ukoka ule aliishi Mnyoo.

Mtoto wa mnyoo hana miguu, hana mabawa, hana meno ya kutisha. Ana subira. Hutoka ndani ya samadi, akaupanda unyasi kwa ngazi ya umande, akakaa pale kwenye ncha, akangoja. Hapandi juu sana, kwa sababu jua humkausha. Ulimi wa mwanakondoo ukipita, yeye husema ahsante, akaingia. Hakuna anayemwona akiingia, na akishaingia hupiga moyo konde, akajifanya mwenyeji.

Mvua za mwaka ule zilikuwa ndefu. Umande haukukauka hadi jua la mchana. Mwanakondoo mmoja akaanza kukonda. Ukimfunua kope, ndani palikuwa peupe kama maziwa. Chini ya taya pakavimba, kama aliyebeba kibuyu kidogo. Nyuma pakachafuka.

Kondoo wakasema mtoto ana njaa, maskini, wamlishe vizuri. Wakampeleka bondeni, mahali ambapo nyasi zilikuwa fupi zaidi na umande mwingi zaidi, wakampa nafasi ya mbele. Akala. Akazidi kukonda.

Bi Ndevu alikuwa akipita. Alimtazama mtoto, akasema huyo hana njaa, ana mgeni. Akasema wampe kunde-pori, mgeni aonje ukakasi autafute mlango.

Kondoo wakacheka sana. Wakasema Bi Ndevu leo kaja na jipya. Mwanakondoo akafa. Bi Ndevu akaja kuchimba kaburi.

Akaanza kuugua mwanakondoo wa pili. Bi Ndevu akaja, akasema yaleyale: huyo hana njaa, ana mgeni, mpeni kunde-pori. Mara hii walicheka zaidi, kwa sababu mzaha ukirudiwa na mtu anayejua kuusema huwa mtamu kuliko mara ya kwanza. Kondoo mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mwanakondoo akafa. Bi Ndevu akaja kuchimba kaburi, na wanasema siku hiyo alichimba bila kusema neno, na kondoo wakanong'onezana kwamba huo nao ni utani wa namna yake.

Msiwacheke kondoo. Mimi nimefikiri sana juu yao, na sioni kosa lao lilianzia wapi. Mtu aliyekutania tangu utoto wako, aliyeuita uso wako mto wa kulalia, akija siku moja na ukweli mkononi, utaupokea kwa mkono upi?

Akaja wa tatu. Wa tatu alikuwa Kisufu, mwana wa pekee wa Mama Kisufu, kondoo mpole ambaye alizaa akiwa amekwisha kata tamaa ya kuzaa. Kisufu alikuwa mweupe, miguu myeusi, na alikuwa na tabia ya kuruka juu bila sababu. Siku moja akaacha kuruka. Mama yake akamfunua kope. Ndani palikuwa peupe kama maziwa.

Mama Kisufu hakumpeleka bondeni mara moja. Aliwaona wale wawili. Alipanda mlimani akaleta nyasi ndefu, zile zilizokaushwa na jua na upepo, akaziweka mbele ya mwanawe.

Sauti ikasema, "Mama, hizi zinanikwaruza. Nataka zile fupi za bondeni, zenye umande."

Mama Kisufu akaziondoa. Akaenda akaleta majani ya mgomba, akayapasua vipande vidogo kwa meno yake, akayaweka mbele ya mwanawe.

Sauti ikasema, "Mama, haya yananichefua. Nataka zile fupi za bondeni, zenye umande."

Ungefanya nini wewe? Mtoto mgonjwa akitaja chakula anachokitaka, mzazi hushukuru kwamba ametaja. Alimpeleka bondeni. Kisufu akala, na chini ya taya yake pakaanza kuvimba.

Bi Ndevu akapita. Akasimama. Akasema mara ya tatu kwamba huyo hana njaa, ana mgeni. Kondoo wakacheka, na Mama Kisufu akacheka nao, kwa sababu mtani akisema na wote wakacheka, huwezi kubaki peke yako umekunja uso. Lakini kicheko chake kilikatika katikati, na Bi Ndevu alikiona kilipokatika.

Mchana ule jua lilitoka kidogo. Kisufu akalala ubavuni mwa mama yake. Alilala hasa, masikio yamelegea, mdomo umefumba. Mama yake alikuwa akimlamba paji la uso. Ndipo akasikia sauti.

"Mama, nina njaa. Nataka zile fupi za bondeni, zenye umande."

Mama Kisufu akatazama mdomo wa mwanawe. Mdomo ulikuwa umefumba. Akasubiri. Sauti ikarudia, na ikaongeza kwamba ingependa ziwe nyingi kuliko jana. Mdomo bado ulikuwa umefumba. Mtoto amelala fofofo, na anaagiza chakula.

Akatega sikio lake kwenye tumbo la mwanawe. Humo ndani, kwa sauti ileile ya Kisufu, Mnyoo alikuwa akiwaambia jamaa zake wasogee, wajiweke sawa, mama mtu amekwisha sikia, chakula kinakuja.

Mama Kisufu hakupiga kelele. Alinyanyuka polepole asimwamshe mtoto, akaenda kwenye miamba ambako mbuzi hukaa, akamwambia Bi Ndevu kwamba leo anataka kusemeshwa bila utani.

Bi Ndevu akajitahidi. Alikaza uso, ndevu zikatulia. Akaanza vizuri, akasema mtani wangu, mwanao. Kisha akaona jinsi Mama Kisufu alivyoangusha masikio, na kabla hajajizuia akawa amemwambia kwamba anafanana na godoro lililonyeshewa. Akaomba radhi. Akaanza upya, na upya ule nao ukaishia kwenye mzaha wa kitanda. Mara ya tatu alijiuma ulimi, akatazama pembeni, akasema akitazama pembeni.

"Mimi dawa sizijui, mtani. Mimi nakula ovyo tu, unanijua. Nilipokuwa mdogo niliharisha hadi wakaniandalia mahali pa kunizika. Nikala kila kilichoota mlima huu, mwisho nikala kile kinachotambaa pale mteremkoni, nikapona. Huenda ni hicho, huenda ni cha kabla yake. Lakini tangu hapo, tumbo langu likisema sana, nakila hicho, linanyamaza."

Akamwonyesha. Ulikuwa mmea wa ukoo wa kunde, majani matatu matatu, maua ya zambarau, na mbegu zinazong'ang'ania manyoya ya kila apitaye. Wafugaji wa siku hizi wanao ndugu zake, huwapanda shambani na kuwaita desmodiamu. Kihulo waliuita kunde-pori. Jani lake ukilitafuna, ulimi hukakamaa na mashavu hukutana, kama aliyeng'ata ndizi mbichi. Ule ndio ukakasi.

Mama Kisufu akachuma mdomo mzima, akampelekea mwanawe.

Sauti ikalia. "Mama, hicho ni chakula cha mbuzi. Unataka kunigeuza mbuzi? Zilete zile fupi za bondeni, zenye umande."

Safari hii alijua anayelia ni nani. Lakini kujua hakukumsaidia sana, kwani Kisufu mwenyewe aliyafunga meno. Alikuwa mwanakondoo wa adabu, na hajawahi kuona kiongozi akila jani lile. Kwa kondoo, kitu ambacho kiongozi hajakila hakina tofauti na jiwe.

Mama Kisufu akaenda kwa Bwana Pindapembe. Akapiga magoti, akamweleza habari ya sauti, na habari ya mgeni, na habari ya jani. Akamwomba ale mdomo mmoja tu mbele ya watoto.

Bwana Pindapembe alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo tumpe. Kisha akasema anamhurumia sana, lakini tangu enzi za babu zetu kondoo wamekula bondeni, hawajala vitu vinavyotambaa, na wala hawatapelekwa na mzaha wa mtani. Akashauri mtoto apewe nafasi ya mbele zaidi bondeni. Aliposema hivyo tumbo lake lilinguruma kidogo, kama linaitikia.

Mama Kisufu akarudi kwa Bi Ndevu. Alimwambia tu kwamba kesho wakienda bondeni, Kisufu hatarudi kwa miguu yake.

Bi Ndevu akainuka, akaenda kuwaita wenzake.

Asubuhi, ukungu ulipobisha hodi, kondoo walitoka zizini. Bwana Pindapembe mbele, wengine nyuma, mkia kwa mkia, na Kisufu wa mwisho akipepesuka, mama yake akimtegemeza kwa ubavu. Walipofika pale njia inapogawanyika, moja kushuka bondeni na moja kukata mteremkoni, walikuta njia ya bondeni imezibwa.

Mbuzi walikuwa wamelala njiani, ukoo mzima. Wamejipaka majivu usoni. Katikati yao amelala Bi Ndevu, miguu juu, analia kilio cha msiba, kile cha kutaja sifa za marehemu. Alikuwa akimsifu Kisufu. Alisifu miguu yake myeusi. Alisifu alivyokuwa akiruka bila sababu.

Kondoo wakaanza kucheka. Kisha wakasikia jina, wakaacha.

Bwana Pindapembe akauliza kuna nini, maana hakuna aliyekufa.

"Najua," akasema Bi Ndevu. "Nimewahi. Mara mbili nilichelewa."

Bwana Pindapembe akamwambia kwa upole ainuke, watoto wana njaa. Bi Ndevu akasema hainuki. Yeye ni mtani, amekuja msibani, amelala njiani, na hainuki mpaka apewe anachotaka. Anachotaka ni kwamba kila mwenye manyoya ya godoro ale mdomo mmoja wa kunde-pori, na aanze mkubwa wao.

Bwana Pindapembe akasema hakuna msiba pasipo na maiti, kwa hiyo huu ni utani tu, na utani haulazimishi mtu kula.

Hapo ndipo Bi Ndevu akakaa. Ndevu zilikuwa zimejaa majivu.

"Basi chagua, mtani wangu mkubwa. Ukisema huu ni utani, kula, uniridhishe mtani wako, nicheke, niondoke. Ukisema huu ni msiba, kula, kwa sababu nimeomba msibani. Na ukisema si utani wala si msiba, niambie mbele ya huyu mama ni kitu gani."

Bwana Pindapembe akamtazama Mama Kisufu. Akamtazama Kisufu, aliyekuwa amekwisha lala chini. Aligeuza shingo yake huku na huku akitafuta mlango katika maneno yale, na hakuuona. Mila zilikuwa zimemzunguka, na yeye alikuwa mtu wa mila. Akakata njia ya mteremkoni, akainama, akang'oa mdomo mmoja wa kunde-pori, akatafuna.

Ukakasi ukamshika. Mdomo wa juu ukajikunja hadi puani, meno yakabaki nje, akainua kichwa akatazama mbinguni kama anayeuliza kosa lake. Ukimwona kondoo dume leo amekunja mdomo na kutazama juu, wengine watakupa sababu nyingine, na huenda wana haki. Kihulo wanasema anakumbuka.

Mbuzi walicheka mpaka majivu yakawatoka. Lakini kondoo hawakucheka. Kiongozi alikuwa amekula. Mmoja baada ya mwingine walikata njia, wakainama palepale alipoinama, wakala. Midomo ikajikunja safu nzima.

Akabaki Kisufu. Mama yake akamsimamisha.

Tumboni Mnyoo aliona hatari. Akalia kwa sauti ya Kisufu kwamba hataki. Akasema kinakwaruza, kinachefua, kinageuza watu mbuzi. Akaomba zile fupi za bondeni. Lakini mbele ya Kisufu palikuwa na mkia wa kondoo mwenzake, na mkia ule ulikuwa ukienda mteremkoni. Mwanakondoo huufuata mkia hata kabla hajaufuata moyo wake. Miguu ikaenda. Shingo ikainama. Mdomo ukafunguka. Adabu ileile iliyomleta mgeni ndiyo iliyomtilia dawa.

Mama Kisufu alimtafunia kidogo. Kingine Kisufu akala mwenyewe.

Siku hiyo Mnyoo alitukana. Alisema kuta za nyumba zimekuwa ngumu, hazishikiki, na kila akipeleka chakula mdomoni kinamkwama. Bi Ndevu alilala njiani tena kesho yake, na kondoo wakala tena, na Mnyoo hakutukana, alinung'unika. Akadai tena, wakala tena, na Mnyoo akanyamaza. Jamaa zake wakaanza kutoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, bila kuaga. Wengine walibaki, siwadanganyi, mgeni wa namna ile hamalizi kuondoka. Lakini waliobaki walikonda, hata mayai yao yakakosa nguvu, na hakuna tena aliyethubutu kuagiza chakula.

Na jani lile halikumtesa Mnyoo tu. Kunde ni kunde, hata ikiwa ya porini. Lina shibe inayojenga mwili. Damu ya Kisufu ikarudi. Uvimbe wa chini ya taya ukashuka.

Mchana mmoja Mama Kisufu akasikia sauti ikisema inataka maji. Akashtuka, akatazama mdomo wa mwanawe. Mdomo ulikuwa umefunguka na ulikuwa unasema. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba na yenye mikwaruzo, si tamu kama ile nyingine. Alikuwa amekwisha kuisahau. Akamwambia aseme tena. Kisufu akasema tena, kwa kuudhika kidogo, kwamba anataka maji. Mama yake alimwomba arudie mara ya tatu, si kwa sababu hakusikia.

Kondoo wakaitisha baraza, wakawaalika na mbuzi.

Baraza likaenda kama mabaraza yanavyokwenda. Mmoja akataka bonde lipigwe marufuku milele, mwenzake akamuuliza watakula nini kiangazi. Mwingine, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wale wawili, alisema kuanzia leo wale kunde-pori peke yake, asubuhi, mchana na jioni. Hakuna aliyetaka kumpinga. Bi Ndevu ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa upole ambao haukuwahi kusikika mdomoni mwake, kwamba ukakasi ukizidi tumbo hufunga, na aliyefungwa tumbo hukonda vilevile.

Ndipo Bwana Pindapembe akasimama. Watu walidhani atatetea enzi za babu zetu.

"Mama huyu alipokuja kupiga magoti, nilimjibu maneno mazuri," akasema. "Baada ya kula jani lile, nikasikia tumboni mwangu mtu ananung'unika kwa sauti yangu, anadai turudi bondeni tangu enzi za babu zetu. Sasa sijui siku ile nani alimjibu mama huyu, mimi au mgeni wangu."

Akakaa. Mbuzi hawakumtania, na hiyo Kihulo ni heshima kubwa kuliko kupigiwa makofi.

Basi, wasikilizaji wangu, funzo si refu. Si kila njaa iliyo tumboni mwako ni yako. Zipo tamaa zinazosema kwa sauti yetu na kutuita mama, na ulaini wa chakula si dalili kwamba ni sisi tulioomba. Kabla hujatii, tazama mdomo kama unafunguka. Na aliyekutania maisha yako yote, siku moja msikilize mpaka mwisho, ukicheka ucheke baadaye.

Yaliyoamuliwa Kihulo ni haya. Kila asubuhi, umande ukiwa bado juu ya nyasi, kondoo wasishuke bondeni. Wapite kwanza mteremkoni, wale kunde-pori kwa kiasi, watoto kabla ya wakubwa. Jua likishakausha ukoka, ndipo washuke. Na mahali palipoliwa pasirudiwe mpaka papigwe na jua, paote upya.

Wakaulizana nani atatangulia kuutia mdomoni ukakasi kila siku, ili wengine wafuate. Bi Ndevu alijitolea, wakamwambia hakuna kondoo atakayeufuata mkia ule. Mama Kisufu alijitolea, wakasema amechoka, apumzike. Aliyetekeleza alikuwa Bwana Pindapembe. Alitangulia asubuhi ile na asubuhi zilizofuata, mvua ikinyesha, ukungu ukibisha hodi, mpaka pembe zilipomwinamisha kwa uzee. Na nyuma yake kabisa, akiruka bila sababu, alikuwa Kisufu.

Mimi niliyapata mlangoni, nimeyaacha mlangoni. Aliyeyapenda ayabebe, aliyeyachoka ayavuke.